Salamu Iliyochelewa Kufika Mtowisa

Sogeeni, habari yenyewe ni ya Marselino, mkulima wa upande wa juu wa Sumbawanga, kule ambako upepo wa mwezi wa sita ukikukuta nje bila koti masikio yanakuwa si yako tena. Ni mtu wa kazi, si mtu wa maneno. Analima mahindi na ulezi, na matuta yake, yale ya kufukia nyasi ziozee ndani, wapita njia husimama wakayatazama. Jumapili humkosi kanisani. Umri wake umeshapita arobaini na tano. Ana mke, Cornelia, na binti yao mmoja, Salome, ameolewa Matai. Kwa hiyo nyumbani wao wawili huitana Baba Salome na Mama Salome, na mwaka huo ninaousimulia, huyo wa pili hakuwepo wa kuitwa.

Mvua zilipokuwa zinaelekea kuisha, habari ilipanda kutoka Mtowisa, huko bondeni kwenye joto, kwamba Bibi Monika, mama yake Cornelia, miguu imemvimba, hafiki hata kisimani. Mumewe alishamzika huko, na mpunga wake ulikuwa umesimama shambani bila mtu. Cornelia akafunga nguo zake, akasimama mlangoni.

"Nitamuuguza, nitavuna ule mpunga, halafu nitakuja naye tukae naye hapa. Unakubali?"

"Mama ni mama," Marselino akasema. "Alete miguu yake hapa."

Lakini Bibi Monika si gunia, la kupakiwa likashushwa. Kwenda kuzeekea kwa mkwe! Alituma neno mapema: atakuja kwanza aone anavyopokewa, ndipo atajua kama atakaa au atarudi kwake. Na akirudi kwake, binti yake atarudi naye, maana nani mwingine atamtekea maji?

Basi Marselino akabaki. Kwa wiki nzima ya mwanzo alikuwa anasonga ugali wa watu wawili, mkono umezoea, halafu anaitazama ile nusu iliyobaki kama imemkosea. Jioni alikaa na simu. Mtandao wa huko bondeni ulikuwa wa kuvizia. Cornelia mpaka apande jiwe moja kubwa nyuma ya shule ndipo sauti ipite.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

Marselino akakuna kichwa.

"Baba Salome, na nini?"

"Na chumvi."

Cornelia alicheka, na kile kicheko kilimkaa Marselino kifuani mpaka asubuhi. Kilimkumbusha kicheko kingine, cha kwake mwenyewe, ambacho alitamani angeweza kukirudisha.

Ilikuwa hivi. Kabla ya mvua, Cornelia alikwenda mjini kupimwa saratani ya mlango wa kizazi. Dada yake Coleta alikufa kwa ugonjwa huo, akiwa bado na nguvu za kulima, na tangu hapo Cornelia alikuwa na hofu ambayo hakuisema ila siku moja moja. Majibu yalikuwa mazuri. Akarudi amechangamka, akamkalisha mumewe karibu na moto.

"Nesi ametuambia jambo, Baba Salome. Mwanaume akitahiriwa, vile virusi vinavyoleta saratani ile vinapungua kumfikia mkewe. Haviishi, vinapungua. Na UKIMWI nao, mwanaume anakuwa na kinga kiasi, siyo yote. Nimekaa nikamfikiria dada. Hivi wewe huwezi kwenda?"

Marselino akacheka. "Mimi Mfipa! Babu zangu wote walizikwa kama walivyozaliwa. Sasa mimi nikaingie jando na mvi?"

Cornelia hakucheka naye. Alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, na jambo hilo hakulitaja tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa inamuuma Marselino katika nyumba ile yenye kimya: si kwamba aliombwa, ni kwamba hakuombwa mara ya pili.

Akiwa anakata ulezi akaamua. Atakwenda. Na hatamwambia. Mama Salome atapanda kutoka bondeni mwezi wa nane, atakuta jambo limekwisha, na yeye Marselino atakuwa mzima, anacheka. Baridi ndiyo hii. Na kila mtu Sumbawanga atakuambia kidonda kinapenda baridi.

Mtu pekee aliyemshirikisha alikuwa jirani yake Shija, Msukuma wa mifugo, ambaye ng'ombe wake ndio waliokuwa wakiyalima mashamba ya watu wengi pale. Wazee wake hawakuwa na mila hiyo pia, lakini yeye alikwenda kutahiriwa mwaka juzi.

"Inauma?" Marselino akauliza, anatazama pembeni.

"Sindano ya ganzi inauma. Baada ya hapo unasikia kama mtu anakuvutavuta suruali tu. Usiku ndipo utalia."

"Kwa nini usiku?"

"Umuote Mama Salome halafu uniulize tena kwa nini."

Wakacheka mpaka ng'ombe mmoja akageuka kuwatazama. Kisha Shija akaacha utani.

"Bwana, watu wanaogopa kisu. Kisu ni kitu cha dakika chache. Fikiria baada ya kisu. Nani atakutekea maji? Nani atakubebea magunia? Baiskeli utaitundika. Na asije mtu na dawa yake ya kienyeji. Baba yangu mdogo alipakwa unga wa mizizi, akarudi hospitali anatembea kama bata. Na Mama Salome anasemaje?"

"Hajui."

"He! Hajui?"

"Nataka akirudi akute."

Shija akatikisa kichwa. "Mimi nikimficha Minza hata ndama aliyezaliwa, nalala nje. Lakini wewe ni mtu mzima. Maji nitakuletea."

Basi akaenda hospitali ya mjini. Kwenye benchi la kusubiria alikuta vijana watupu, wamevaa kofia za sufu, wanachezea simu. Mmoja akamsogelea kwa adabu ya uongo.

"Shikamoo mzee. Umemleta mjukuu?"

"Marahaba. Nimejileta mwenyewe. Mjukuu atakuja akiniona nimetoka salama."

Wakaangua kicheko, lakini wakampisha akae, na mwingine akamwambia, "Mzee, wewe ni noma," na baada ya hapo hakuna aliyemtania tena.

Muuguzi aliyempokea aliitwa Edith, msichana wa rika la Salome. Hilo peke yake lilitosha kumrudisha Marselino nyumbani. Lakini Edith alimwamkia vizuri, akafunga mlango, akaanza kuuliza bila haraka. Ana kisukari? Akipata kidonda damu huchelewa kukata? Kuna dawa anayotumia? Kupima virusi vya UKIMWI ni hiari, anataka? Marselino akapima, na yale majibu aliyasubiri akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama yuko maziarani. Hakuwa navyo.

"Sasa baba, nisikilize," Edith akasema. "Hii siyo ukuta. Ni kama mlango uliorudishwa. Umepunguza upepo, haujauzuia. Uaminifu uko palepale, kondomu ziko palepale. Na kidonda kinachukua wiki sita kupona. Ndani ya wiki hizo hakuna kukutana na mama, hata ukijiona umepona. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Nilisubiri baridi kabisa, ili kipone vizuri."

Edith akatabasamu. "Baridi ni maneno ya watu. Kidonda kinataka usafi, mwezi hakiujui. Ungeweza kuja wakati wowote unaokufaa wewe na nyumba yako. Mama anajua umekuja?"

Hapo ndipo Marselino aliposema uongo. "Anajua."

"Vizuri. Maana huu mwili ni wako, ukiamua kuinuka sasa hivi uondoke hakuna atakayekulaumu. Lakini kupona ni kwa watu wawili."

Maneno hayo aliyasikia, hakuyashika.

Kisu kikapita. Siku ya bandeji kutolewa alirudi nyumbani taratibu, miguu ameitanua kidogo, akimwomba Mungu asikutane na mtu wa kanisani. Suruali ilikuwa adui. Akafungua sanduku, akatoa kitenge cha Cornelia chenye kuku wa bluu, akajifunga kiunoni. Kilikuwa bado na harufu yake: moshi, sabuni ya mche, na kitu kingine ambacho hakina jina ila ni cha mtu huyo mmoja tu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mtu mzima na mvi zake, amekishika kitambaa kile usoni.

Ndipo akasikia sauti uani.

Hilo ndilo kosa lake lenyewe, na ni kosa la mtu wa milimani: alihesabu baridi, akasahau mpunga. Mwaka ule bondeni uliiva mapema. Cornelia naye alikuwa na siri yake. Alitaka kumshtua mumewe kwa furaha. Walipata lori la mpunga, yeye na mama yake, wakapanda ule mteremko wa mawe wameketi juu ya magunia, na sasa lori lilikuwa limewashusha njia panda.

"Hodi kwangu!" Cornelia akaita, na sauti ilikuwa inacheka.

Marselino akatoka mlangoni. Akamwona mkewe, amekonda kidogo, amekuwa mweusi wa jua la bonde, na moyo wake ukaruka ukaenda wenyewe. Lakini mbele ya Cornelia alisimama Bibi Monika na fimbo yake, na Bibi Monika alikuwa anasubiri.

Sasa, msikilizaji, ujue namna mkwe wa Kifipa anavyomwamkia mama mkwe. Hasimami. Anachuchumaa mpaka chini kabisa, anainamisha macho, anapiga makofi ya taratibu, ya viganja vilivyokunjwa, anasalimia kwa Kifipa huku akiulizia nyumba, shamba na usingizi, na haondoki pale chini mpaka mama ajibu. Katika ndoa yao yote Marselino hakuwahi kukosea salamu hiyo. Watu walimsifu kwayo.

Alikunja magoti. Alifika nusu tu, na nyuzi za kidonda zikamvuta kama kaa la moto limeangukia pale. Akanyooka. Akajaribu tena, jasho likamtoka katika upepo ule. Akaogopa nyuzi zitakatika, akabaki amesimama wima, amevaa kitenge cha binti wa watu, na kitu pekee kilichomtoka mdomoni kilikuwa cha Kiswahili.

"Shikamoo, mama."

Amesimama! Kama anamwamkia karani wa halmashauri!

Bibi Monika hakujibu. Alimtazama miguu, akamtazama uso, kisha akamgeukia binti yake.

"Cornelia, hapa ndipo kwako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mumeo alikuwa anasubiri wageni wengine. Mimi nitakaa jikoni."

Na jikoni ndiko alikokaa. Uji aliletewa, ukapoa. Ugali ukaletwa, akasema ameshiba safari.

Jua lilipokuwa linatua Cornelia alimkuta mumewe nyuma ya kihenge cha mahindi, amesimama bado, maana hata kukaa kulikuwa kazi.

"Umekuwa nani, Baba Salome? Miezi yote hii nakaa juu ya jiwe nikikutafuta kwenye simu, nakuja na mama yangu mgonjwa, unasimama mbele yake kama nguzo? Una mtu mwingine humu? Sema tu."

"Sina mtu." Akatazama chini. "Nilikwenda. Pale mjini. Ulikoniomba niende."

Cornelia alichukua muda kuelewa. Alipoelewa aliweka kiganja mdomoni, mabega yakaanza kumtikisika, na Marselino akadhani analia, kumbe anacheka. Halafu akalia kweli.

"Lini?"

"Juzi. Nilitaka ukirudi ukute tayari. Iwe zawadi."

"Zawadi." Akajifuta kwa pindo la nguo. "Mimi nilikuomba kwa mdomo, Baba Salome. Ulitakiwa unijibu kwa mdomo. Ungesema neno moja, ningemzuia mama kule mpaka upone. Ningekuja mwenyewe nikuchemshie maji. Sasa umejiumiza peke yako na mimi umeniumiza vilevile."

"Basi mwambie mama, aelewe."

"Nimwambie nini? Nimtajie mama yangu mwili wa mkwe wake? Jambo hilo litaanzia wapi kutamkwa?" Upepo ulipita kwenye kihenge. "Kesho anaondoka, nimeshamjua. Na mimi nitaondoka naye. Nikibaki atasema hata mtoto wake amemtupa. Wewe pona. Ukipona, ile salamu mpelekee mwenyewe. Mimi siwezi kuibeba."

Aliinua mkono kama atamgusa shavu, akaugusa ule ukingo wa kitenge badala yake.

"Hiki baki nacho. Ukifue kila siku. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa."

Asubuhi waliondoka. Marselino alisimama kwenye ua akatazama mpaka fimbo ya Bibi Monika ikapotea kwenye vumbi la barabara.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu kama barabara ya Kasanga kwa miguu. Shija alileta maji, na Minza mkewe alileta maziwa bila kuuliza kitu, ila siku moja alipita akiimba wimbo wa bata na Marselino akajua ameambiwa. Usiku ulikuwa kama alivyoonywa. Alimuota Cornelia akishuka kwenye lori, akaamka kwa maumivu, akasimama katikati ya chumba kwenye sakafu ya baridi, anajisemea sala huku anacheka kwa uchungu. Alifua kile kitenge kwa sabuni ya mche mpaka siku alipogundua kwamba harufu ya mkewe imekwisha, imebaki ya sabuni. Siku hiyo hakula.

Cornelia hakupanda tena juu ya jiwe. Au alipanda, mtandao ukakataa; Marselino alichagua kuamini hilo la pili.

Wiki ya tatu ilipokwisha alijiona mzima. Akachuchumaa peke yake chumbani, akapiga makofi mbele ya ukuta. Hakuna maumivu! Akaoga, akavaa suruali, akapitia kwa Edith aagwe tu, maana lori la bondeni lilikuwa linaondoka mchana.

Edith alimkagua. "Juu pamefunga vizuri. Ndani bado pabichi. Unakwenda wapi?"

"Mtowisa. Kumwamkia mama mkwe."

"Kuamkia nenda. Na mama wa nyumbani je? Yuko huko?"

"Yuko."

"Hamjakaa pamoja tangu lini?"

Marselino akatazama dirisha. "Tangu mvua."

"Utalala huko, baba?"

Lori huwa halirudi siku hiyohiyo. Edith akavua glavu, na Marselino akajiangalia ndani, akakumbuka mkono ule uliogusa ukingo wa kitenge.

"Sitaweza," akasema. "Nikimwona sitaweza."

"Basi usiende. Kidonda kibichi kikikutana na mambo hayo kinachanika, na ugonjwa unapata njia, kwako hata kwake. Ulisema anajua. Atakuelewa."

"Hakujua," Marselino akasema. "Siku ile nilikudanganya, binti yangu. Ndiyo maana yuko Mtowisa."

Alipofika njia panda lori lilikuwa linapakia. Dereva akamwita kwa honi. Marselino akampungia mkono, akageuka kurudi nyumbani, na hakuna kazi ya shamba iliyowahi kumchosha kama ile hatua ya kugeuka.

Mwezi wa nane Edith alimruhusu. Upepo ulikuwa umeanza kulegea. Akashuka na kifuko cha ulezi wa uji, na chini ya kwapa kile kitenge, kimekunjwa. Joto la bonde lilimpokea kama tanuru. Aliulizia, akaonyeshwa nyumba, akamwona Bibi Monika ameketi kivulini mwa ukuta, miguu ameinyoosha, anapepeta mchele.

Marselino alisogea mpaka mbele yake. Aliweka mzigo kando, akachuchumaa mpaka chini kabisa kwenye vumbi, akainamisha macho, akaanza kupiga makofi. Akasalimia kwa Kifipa. Akaulizia miguu. Akaulizia usingizi, na mpunga, na majirani. Akarudia. Ungo uliendelea kupiga, sh, sh, sh, na jibu halikuja, na yeye hakuinuka. Jua lilimchoma shingo. Mapaja yakaanza kutetemeka, lakini palipouma zamani hapakuuma.

Ungo ukanyamaza.

Bibi Monika akaitikia. Aliitikia yote, moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayerudisha vyombo alivyoazimwa. Kisha akasema, "Mkwe wangu, mtu akiwa na la kumzuia hutafuta mtu amsemee, 'Leo hajiwezi.' Jambo lenyewe lisingeulizwa."

"Ni kweli, mama. Sikusema. Nilimficha hata Mama Salome."

"Mm." Akachambua chuya moja kwenye mchele, akaitupa. "Huko kwenu bado kuna baridi?"

"Imepungua, mama."

"Basi mtafute mwenzako akutafutie kamba. Vyombo vyangu ni vingi, na sitaki vivunjike tukipanda ule mteremko wa mawe."

Marselino alikuwa na ruhusa ya kuinuka, lakini hakuinuka. Macho yake yalikuwa bado chini, kwa adabu, na kutoka pale chini aliona miguu miwili ikitoka mlangoni, visigino vimepasuka kwa tope la mpunga lililokauka, ikija upande wake bila haraka. Ikasimama mbele yake. Mkono ukateremka, ukachukua kitenge pale kilipokuwa, ukakipeleka juu asikokuona.

"Umekula?" sauti ikauliza.

"Bado," akasema Marselino. "Na safari hii sitaficha kitu, Mama Salome. Hata chumvi ilikwisha."